Mbavu za Bawa: Habari za Bati, Kalibu na Nyundo katika Ndege Zijengwazo Nyumbani

Mafundi wa majahazi wa pwani ya Afrika ya Mashariki wana jina lao kwa mti uliopinda ushikao mbao za chombo kwa ndani. Huuita taruma, na wingi wake mataruma. Asiye fundi husema mbavu tu, wala hakosei, maana chombo kikitazamwa kabla hakijatiwa sitaha hufanana na kifua cha mnyama aliyechunwa. Mfano huu wa mwili umewajia watu wa mataifa mengi, kila taifa kwa lugha yake, na ndege ilipobuniwa mfano ukatoka chomboni ukaingia katika bawa: kila kipande kilichosimama ndani ya bawa, kutoka ukingo wa mbele mpaka ukingo wa nyuma, nacho kikaitwa ubavu.

Hata hivyo jahazi na ndege havifuatani mpaka mwisho. Katika ujenzi wa kale wa jahazi mkuku hulazwa kwanza, mbao hupandishwa, na aghalabu mataruma huchongwa baadaye ili yafuate umbo ambalo mbao zimekwisha kulifanya. Bawa la ndege hujengwa kinyume. Ubavu hutangulia na ngozi hufuata, kwa hiyo umbo lote la bawa, ambalo ndilo linaloifanya hewa impandishe mtu angani, limo katika ubavu. Ubavu ukiwa na kosa, ngozi italichukua kosa lile na kulionyesha. Ubavu una kazi ya pili pia, nayo ni kuupokea mzigo wa hewa kutoka katika ngozi na kuukabidhi kwenye boriti kuu ya bawa, ambayo huupeleka katika kiwiliwili cha ndege. Kwa hiyo historia ya kipande hiki chembamba ni historia ya swali kubwa kuliko chenyewe: nani awezaye kukitengeneza?

Mwanzoni jibu lilikuwa rahisi. Ndege ambayo Wilbur na Orville Wright waliirusha tarehe 17 Desemba 1903 ilikuwa na mbavu za mti na mabawa ya nguo. Ubavu wa namna ile ulikuwa kazi ya seremala. Fito nyembamba zilipindwa na kushikamanishwa kwa gundi na misumari midogo juu ya ubao uliochorwa umbo, na ubavu mmoja ulipokauka ukatolewa, wa pili ukawekwa pale pale. Mtu mwenye msumeno, randa na subira aliweza kuutengeneza katika ua wa nyumba yake, na katika miaka ile ya mwanzo watu wengi wa Ulaya na Marekani walifanya hivyo, wengine kwa faida na wengine kwa mauti yao. Madini ndiyo yaliyomnyang'anya seremala kazi hiyo.

Madini yenyewe yalipatikana kwa njia ambayo haikukusudiwa. Katika mwaka wa 1906 Alfred Wilm, mtaalamu wa madini wa Ujerumani, alikuwa akifanya majaribio huko Neubabelsberg karibu na Berlin. Alitaka kuifanya alumini iwe ngumu kwa njia ile ile ambayo mhunzi huifanya pua iwe ngumu, yaani kuitia moto na kuitosa majini. Alichanganya alumini na shaba kiasi cha asilimia 4 na magnesi kidogo, akaitia moto, akaitosa, na alipoipima hakuona ugumu wa maana. Yasimuliwa kwamba kazi ilikatishwa na mapumziko ya mwisho wa juma, na kipande kilipopimwa tena baada ya siku mbili kilikuwa kigumu kuliko kilivyoachwa. Hakuna aliyekigusa, na hakuna moto uliokiongezea kitu. Madini yale yalikuwa yamekomaa yenyewe juu ya meza, kama embe lililochumwa bichi likaivia chumbani. Kiwanda cha mji wa Düren kilipata ruhusa ya kuyafanya kwa biashara, na jina la duralumini likatokana na mji huo.

Tabia hii ya kukomaa polepole ndiyo iliyoamua jinsi mbavu za bati zitakavyotengenezwa kwa muda wote uliofuata. Bati likitoka majini hubaki laini kwa muda mfupi, na katika muda huo fundi aweza kulipinda apendavyo, kisha hugoma. Baridi hulichelewesha, na kwa sababu hiyo viwanda vya ndege vilizoea kuhifadhi ribiti za madini haya katika masanduku ya barafu, zisije zikakomaa kabla ya kupigwa. Lakini tanuri la kazi hii halikubali kubahatisha. Joto lake ni karibu digrii 495, na likipungua kidogo madini hayapati nguvu, likizidi kidogo huharibika ndani kwa namna ambayo jicho halioni. Seremala wa uani hakuwa na tanuri kama hilo.

Ndege ya kwanza ya Hugo Junkers, iliyoruka tarehe 12 Desemba 1915, haikuwa ya duralumini bali ya mabati ya chuma, na Wajerumani wakaipa jina la utani la punda wa bati, kwa uzito wake. Baadaye Junkers aligeukia duralumini, na katika F 13 ya mwaka wa 1919 alitumia bati lenye mikunjo, linalofanana sana na lile liezekalo nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki. Mikunjo ile ililipa bati ugumu wake lenyewe, kwa hiyo bawa halikuhitaji mbavu nyingi, lakini hewa ilikwaruzana nayo na mwendo ukapungua. Mjerumani mwenziwe, Adolf Rohrbach, alichukua njia nyingine: ngozi laini ya bati, ikishikwa kwa ndani na mbavu na vipande vya kukazia, yote pamoja ikichukua mzigo. Ndege yake kubwa ya mwaka wa 1920 ilivunjwa kwa amri ya mataifa yaliyoshinda vita, lakini fikira yake ilivuka bahari. Huko Marekani John Northrop aliitumia katika ndege yake ya Alpha mwaka wa 1930, na kutoka hapo ikaingia katika ndege za kampuni ya Douglas, mpaka ile DC-3 ya mwaka wa 1935, ambayo wasafiri wa Afrika ya Mashariki waliijua kwa jina la Dakota katika siku za East African Airways.

Dakota na ndugu zake walitengenezwa zaidi ya 10,000, na hesabu hiyo haikuwezekana kwa nyundo. Njia iliyoiwezesha ilibuniwa katika kiwanda cha Douglas katika miaka ya 1930 na mtu aitwaye Henry Guerin. Kalibu yenye umbo la ubavu huwekwa juu ya meza ya shinikizo kubwa, bati lililokatwa hulazwa juu yake, na kutoka juu hushuka sanduku la chuma lililojazwa mpira mzito. Mpira unapogandamizwa hauna pa kwenda ila kulishukia bati na kulikunja kila upande wa kalibu kwa mara moja. Hapana haja ya kalibu ya pili kwa juu, kwa kuwa mpira ni kalibu ya kila umbo. Ubavu ambao seremala aliufanya kwa saa nyingi ulitoka katika dakika chache. Ila shinikizo lenyewe lilikuwa mtambo wa nguvu ya maelfu ya tani, na aliyetaka ubavu wa bati ilimbidi awe na kiwanda, au awe mtumwa wa mwenye kiwanda.

Sheria nayo ilikuwa imefunga mlango wa pili. Kabla ya Vita Kuu ya pili majimbo mengi ya Marekani yalizuia kuruka kwa ndege isiyo na hati ya serikali, na hati hiyo haikupatikana kwa ndege iliyojengwa na mtu mmoja kwa michoro yake. Jimbo la Oregon lilikuwa miongoni mwa machache yaliyowaachia watu wake nafasi. Katika mwaka wa 1947 mtu wa huko, George Bogardus, alipanda ndege ndogo ya nyumbani aliyoiita Little Gee Bee akairusha kutoka Oregon mpaka Washington, mji mkuu, kuwashawishi wakubwa wa idara ya anga kwamba ndege za namna hiyo na wajenzi wake si hatari kwa umma. Ushahidi wake ulikuwa ndege yenyewe: ilikuwa imevuka bara zima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 sheria ya Marekani ikaitambua ndege ijengwayo na mtu kwa elimu yake na burudani yake, kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya kazi iwe ya mikono yake mwenyewe. Mwezi wa Januari 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha huko Milwaukee chama cha wajenzi hao, ambacho hata leo huwakusanya kila mwaka, na tangu 1970 mkutano huo hufanyika Oshkosh, katika jimbo lile lile la Wisconsin.

Sheria ilimfungulia mjenzi mlango, lakini haikumpa shinikizo. Basi ndege nyingi za miaka ile zilirudia vya kale, mabawa ya mti na nguo na kiwiliwili cha bomba za chuma. Mtu aliyefanya zaidi ya wengine kumrudishia mjenzi wa nyumbani ubavu wa bati alikuwa mhandisi wa viwandani, John Thorp. Alikuwa amefanya kazi Lockheed, na alishiriki katika kubuni ndege ndogo ya Piper Cherokee. Alijua kwa hakika nini ambacho kiwanda chaweza na nyumba haiwezi, na katika T-18, aliyoichora mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikiondoa kile ambacho nyumba haiwezi. Ya kwanza iliruka mwaka wa 1964. Ni ndege ya watu wawili, bawa lake lina urefu wa futi 20 na inchi 10 kutoka ncha mpaka ncha, na limefanywa karibu lote kwa mabati bapa ambayo mjenzi huyanunua yakiwa yamekwisha kukomaa.

Thorp alifanya mambo mawili yanayostahili kutengwa. La kwanza, bawa lake halipungui upana kutoka shinani kwenda nje, ila ni mraba kama ubao. Katika bawa linalopungua kila ubavu ni mdogo kuliko mwenzake, na kila mmoja wataka kalibu yake; katika bawa la mraba mbavu ni pacha, na kalibu moja huzizaa nyingi. Wahandisi wenye kupenda uzuri wa umbo waliliona bawa hilo kuwa la kimaskini, na hukumu yao haikutazama mbali. La pili ni jambo la matundu. Katika kiwanda mbavu na ngozi hushikwa mahali pake na fremu nzito ya chuma, ndipo zikatobolewa pamoja. Thorp aliagiza kwamba matundu ya ngozi yatobolewe kwa kipimo ngozi ikiwa ingali bapa, na matundu ya mbavu yatobolewe kwa kipimo kile kile, mbali mbali. Ngozi ikizungushwa juu ya mbavu, tundu likakutana na tundu, basi bawa limenyooka. Yasipokutana, mjenzi ameambiwa kosa lake kabla ya ribiti ya kwanza. Vipimo vilichukua nafasi ya fremu, na banda la motokaa likachukua nafasi ya kiwanda.

Kazi yenyewe ya kuupata ubavu yafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mna maarifa ambayo hayaandikwi katika ramani. Mwanzo wake ni kigezo, bati au ubao mwembamba uliokatwa kwa umbo kamili la bawa. Kutokana na kigezo huchongwa kalibu mbili za mti mgumu au mbao za kugandishwa. Kalibu haiwi sawa na kigezo. Hupunguzwa pande zote kwa unene wa ngozi pamoja na unene wa bati la ubavu lenyewe, maana vyote viwili vitaongezeka juu yake. Mjenzi asahauye jambo hili hupata mbavu nzuri za bawa ambalo halikuchorwa na mtu yeyote. Kisha pembe ya kalibu hulainishwa iwe mviringo, kwa kuwa bati lililokomaa halipindwi kwa pembe kali. Kwa duralumini ya siku hizi kiasi cha chini ni karibu mara 3 ya unene wa bati. Chini ya hapo ufa huanza upande wa nje wa mkunjo, mwembamba kama unywele, na huendelea kwa siri. Tena ubavu wa kalibu huchongwa ukirudi ndani kwa digrii chache, kwa sababu bati likiachiliwa hujirudi. Hulipindi mpaka unapotaka likae. Hulipinda kupita hapo, kisha hulingoja lirudi.

Bati la ubavu aghalabu lina unene wa inchi 0.025, ambao haufiki thuluthi mbili za milimita. Hukatwa kwa mkasi likabakishwa ziada kila upande ya kufanya upindo. Kingo zote hupigwa tupa na kusuguliwa mpaka kidole kikipita kisikwaruzwe. Kazi hii huchosha, na wanaoanza huiona ya urembo. Siyo. Mkwaruzo mmoja uliobaki ukingoni ni mlango wa ufa, na bawa, ambalo hutikiswa kila dakika ya safari, litautafuta mlango huo. Baada ya hayo bati hulazwa baina ya kalibu mbili, likashikwa kwa vigingi viwili au vitatu vipitavyo katika matundu ya kalibu na ya bati, lisije likateleza, kisha vyote vitatu hubanwa katika jiliwa.

Sasa ndipo nyundo. Haiwi ya chuma, kwa kuwa chuma hulivuta bati na kulikonda kila kinapopiga. Huwa ya mti, ya ngozi au ya mpira mgumu. Anayepiga kwa nguvu mahali pamoja akamaliza ndipo akahamia pengine huharibu. Upindo hulazwa kidogo kutoka ncha mpaka ncha, kisha tena kidogo, kama mshoni apitishaye kidole juu ya pindo kabla ya kulishona, mpaka baada ya safari nne au tano ulale wote. Ugumu umo katika mviringo. Ukingo wa ubavu umevimba kwa nje, na bati likipindwa juu ya ukingo uliovimba lazima sehemu ya nje ya upindo ikae katika nafasi fupi kuliko urefu wake. Ziada haina pa kwenda. Kwenye mgongo wa bawa, ambako mviringo ni mpole, bati huimeza. Kwenye ubavu wa pua, yaani kile kipande cha mbele ya boriti ambacho huzunguka kama ncha ya yai, haimezeki, bali hujitokeza kwa makunyanzi, au huupinda ubavu mzima ukawa kama upinde.

Dawa yake ingemfurahisha kila mshona magauni, maana ni marinda. Kwa koleo lenye meno matatu ya mviringo, mawili upande mmoja na moja upande wa pili, fundi huubana upindo mahali mahali ukafanya mkunjo mdogo wa ndani. Kila rinda humeza sehemu ya ziada, na ubavu uliopinda hunyooka taratibu mpaka ukilazwa juu ya meza usicheze. Marinda hutiwa baina ya matundu ya ribiti, kamwe si juu yake, ili ngozi ipate mahali bapa pa kulala. Idadi yake haijulikani mbele. Hujulikana kwa kutazama na kubana. Yawezekana kwamba hapa ndipo lugha ya Kiswahili imemtangulia mwenye kiwanda, kwa kuwa fundi cherehani wa mtaani anayo tayari maneno mawili, upindo na marinda, yatoshayo kuieleza kazi hii bila ya kuazima neno.

Katikati ya ubavu hukatwa matundu makubwa ya kupunguza uzito, na midomo yake hupindwa kama mdomo wa chungu. Mtu asiyejua hudhani ubavu umedhoofishwa. Mdomo ule huulipa kwa ugumu sehemu ya kile ambacho tundu limeuondolea. Mwisho, kila bawa lina mwenziwe: mbavu za kuume na za kushoto hutazamana, kwa hiyo bati hugeuzwa juu ya kalibu ili upindo uelekee upande wa pili. Si wajenzi wachache waliojikuta usiku mmoja na rundo zima la mbavu za bawa moja.

Kwa kipande kinachohitaji kupindwa kupita kiasi, mjenzi huweza kulilainisha bati la namna nyingine kwa moto. Mafundi wa zamani walikuwa na kipimo kisicho na saa wala kioo: hulipaka bati sabuni ya kufulia, wakalipitishia moto, na sabuni ilipogeuka kuwa ya kahawia iliyokoza waliuondoa moto. Lakini bati lililolainishwa hivyo limepoteza nguvu yake, na duralumini ya bawa haifanyiwi mchezo huo na mtu asiye na tanuri la kuirudishia ugumu. Hii ndiyo sababu Thorp alichagua bati lililokomaa na mikunjo mipole.

Kama kulikuwa na shaka juu ya ndege zitokazo katika mabanda ya motokaa, ilipungua sana mwaka wa 1976. Mwaka huo Donald Taylor, Mmarekani, aliizunguka dunia kwa T-18 aliyoijenga mwenyewe. Alikuwa amejaribu mwaka wa 1973 akarudi kabla ya kumaliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndege iliyojengwa nyumbani kuizunguka dunia, na katika safari ile kila ribiti aliyoipiga ilijaribiwa juu ya bahari. Sasa ndege hiyo imewekwa katika makumbusho ya chama huko Oshkosh.

Wakati Taylor akijenga, mtu mwingine wa Oregon, Richard VanGrunsven, alikuwa amekwisha kuirusha ndege yake ya RV-3 mwaka wa 1971. Hapo mwanzo aliuza ramani na vipande vichache. Wateja wakataka vipande zaidi, na hasa wakataka mbavu, kwa kuwa wengi wa waliokata tamaa walikata tamaa mbele ya kalibu. Basi mbavu zikaanza kutoka kwake zikiwa zimekwisha kupindwa kwa shinikizo na mpira, kama zilivyofanywa kwa Guerin. Kisha, katika miaka ya 1990, mitambo iongozwayo na kompyuta ikaanza kutoboa matundu ya mbavu na ngozi kwa usawa ambao mkono hauwezi kuufikia. Ile fikira ya Thorp ya tundu kukutana na tundu ilitimia, ila ilitimia kiwandani. Zaidi ya ndege 10,000 za ukoo huu zimeruka, na hakuna ukoo mwingine wa ndege za nyumbani unaoukaribia.

Mabadiliko haya yalileta ugomvi ambao kwa juu ulikuwa wa sheria, na kwa ndani ulikuwa wa neno. Sheria ilimtaka mtu awe amejenga sehemu kubwa ya ndege, na watu wakaifasiri kuwa asilimia 51. Lakini kujenga ni nini? Mtu apokeaye ubavu uliokwisha kupindwa na kutobolewa, akaupachika na kuupigia ribiti, amejenga au ameunganisha? Kiswahili kingetenga maneno hayo mawili bila ya shida, na mafundi wa jahazi wangeongeza la tatu, kuunda, ambalo ndilo waliteualo kwa chombo chao. Idara ya anga ya Marekani ilichagua kuhesabu. Iliandika orodha ya kazi, na katika orodha hiyo kutengeneza mbavu za bawa ni kazi yenye mstari wake. Aliyeletewa mbavu tayari hapati hesabu ya mstari huo, lakini aweza kuipata katika mistari mingine mpaka atimize sharti. Kanuni hizo zilitazamwa upya mwaka wa 2009, baada ya malalamiko kwamba matajiri wengine walikuwa wakiajiri watu wa kuwajengea. Ni njia ya haki, lakini haikuujibu ule wasiwasi wa wazee wa chama, ambao hawakuwa wakihesabu mistari. Walikuwa wakiuliza kama mtu asiyewahi kuona bati likipasuka kwenye mkunjo atautambua ufa siku atakapokutana nao.

Swali lao lilipata jibu la ajabu mwaka wa 2023. Kampuni ya VanGrunsven, kwa wingi wa maombi ya wateja, ilikuwa imeagiza vipande vingi vitobolewe kwa mwali wa leza badala ya kupigwa kwa mtambo. Ribiti za ngozi hutaka kulala sawa na bati, kwa hiyo tundu hubonyezwa liwe kama kikombe kidogo kabla ya ribiti kuingia. Tundu la leza lilikuwa limeachwa na kasoro ndogo ukingoni mwake, na lilipobonyezwa likaanza kupasuka. Waliogundua hawakuwa wakaguzi wa serikali. Walikuwa wajenzi, kila mtu katika banda lake, waliotazama ukingo wa tundu kwa kioo cha kukuzia na kuona unywele usiostahili kuwapo. Kampuni ilikubali kubadilisha vipande, gharama zikaielemea pamoja na matatizo mengine, na mwezi wa Desemba mwaka huo ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Iliendelea na kazi, na vipande vyake vikarudi kutobolewa kwa kupigwa.

Wapo hata leo wajenzi waanzao kwa ramani na bati bapa, wakachonga kalibu zao na kuzipiga mbavu moja baada ya moja. T-18 bado yajengwa hivyo na wachache. Hao ni haba mbele ya wale wapokeao masanduku. Ila lipo jambo moja ambalo shinikizo halijaliweza tangu siku za Guerin. Mpira hulilaza bati, hauwezi kuiondoa ziada ya mviringo, na ubavu utokao katika sanduku hufika umepinda kidogo, pindo zake zikiwa zimefunguka kupita pembe ya mraba. Kwa hiyo mjenzi wa leo, kabla ya kufanya jambo lolote jingine, huuchukua ubavu wa kwanza, huulaza juu ya meza, huinama kuutazama kwa usawa wa jicho, kisha hushika lile koleo la meno matatu na kuanza kutia marinda baina ya tundu na tundu.